Chuo kipange kabla ya kununua kamera nyingine

Mhariri,

Nafundisha katika chuo kimoja jijini Dodoma, ambako projekta ya ukumbi mkubwa hufunikwa kanga kuzuia vumbi la kiangazi, na kamera ya kurekodi mihadhara iliyonunuliwa kwa fedha za mradi imelala kabatini kwa kukosa waya wa kuiunganisha. Kununua hatujashindwa. Saa moja ya mhadhara uliorekodiwa huweza kufikia gigabaiti 1, hivyo uongozi ukadirie kwanza seva za kuhifadhia, umeme wa akiba na fundi wa kudumu mwenye fungu la vipuri kila mwaka. Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya nyaya za intaneti nchini, umeshafika Dodoma. Usambazwe hadi madarasani, na maikrofoni zitangulie kamera, kwani mwanafunzi huvumilia picha yenye ukungu, si sauti inayokatika.

Mhadhiri,
Dodoma