Saiti ya dola 350 siyo wizi, baba

Bwana mhariri,

Jambo kwenu wote mu gazeti. Juma lililopita mulitoa barua ya baba mmoja anayeuzisha vipuri vya magari, anasema vijana wa kutengeneza saiti za intaneti hapa Lubumbashi ni wezi, juu mmoja alimuomba dola 350 kwa saiti ya kurasa tano na mwingine akamuambia dola 100, halafu mtoto wa dada yake akamuelezea kama programu yenyewe, WordPress, ni ya bure. Naomba nimujibu kwa heshima, juu mimi pia nakula kwa hiyo kazi, hapa Katuba, na naona baba amehesabu upande moja tu.

WordPress ni ya bure kweli, tangu 2003, hakuna anayebisha. Ata ile sertifika inayofanya adresi ianze na https, Let's Encrypt wanaitoa bure tangu mwisho wa 2015, na kuna wenzetu wanaiandika mu devi (karatasi ya bei wanayompa mununuzi) dola 50 kama vile waliinunua sokoni. Hapo baba akasirike, ana haki. Lakini udongo wa tofali nao uko bure, na sijaona mutu aliyejengewa nyumba bure.

Tuhesabu pamoja. Tuseme kijana anapanga nyumba, ananunua unga wa bukari, analipa minervali ya masomo ya watoto na transporti, na yale mambo ya familia yasiyoisha: dola 600 kwa mwezi, na raha sijaiweka mule. Ongeza forfe ya intaneti, ongeza esansi ya grupu (mashine ya umeme) siku SNEL imekata umeme, ongeza ordinateri yenyewe, juu ordinateri ya dola 720 ikikaa miaka 3 inakula dola 20 kila mwezi ata kama haujapata kazi. Yote pamoja tuseme 750. Sasa vijana wengi wanachukua siku 22, masaa 8 kwa siku, yanakuwa masaa 176, wanagawanya, wanakuta dola 4 na kitu kwa saa, wanafurahi, wanaenda kutoa bei. Njo pale wanaanguka. Hakuna mutu anauzisha masaa yake yote! Kuna masaa ya kutafuta kiliya (mutu wa kukupa kazi), ya kuandika devi ile haitajibiwa, ya kwenda mu mji kumungojea patro asubuhi yote kisha unaambiwa rudi kesho, ya kungojea umeme urudi, ya kufuata deni. Hayo masaa nani anayalipa? Ukiwa na bahati utauzisha 75 kwa mwezi. 750 kwa masaa 75 ni dola 10 kwa saa, na saiti ya kurasa tano ikifanywa vizuri inaomba kama masaa 35, kama kiliya ameleta maandishi na picha kwa wakati (wengi hawaletake, wanakuambia "chukua tu ku Facebook yangu"). Njo hiyo 350 ya baba.

Atauliza, masaa 35 ya kufanya nini? Tuchukue picha tu. Picha iliyopigwa na simu mara nyingi inafika na megabaiti 4 ao 5. Ukiweka kumi vile vile, ukurasa unapita megabaiti 40, na mununuzi wake wa Likasi ao Kasumbalesa mwenye forfe kidogo ataona kitu inazunguka, inazunguka, atafunga aende kwa mwingine. Anayejua kazi anapunguza kila picha moja moja mpaka chini ya kilobaiti 200 bila kuiharibu, halafu anajaribu saiti ku simu ya bei ya chini, siyo ku ordinateri yake tu. Na vipuri viko na kazi yake zaidi, kila kimoja na numero yake, na gari yake, na mwaka wake, ukikosea numero moja mutu anatoka mbali anakuta siyo kile. Kiliya haoni hayo yote, anaona rangi.

Yule wa dola 100 simulaumu kama ni mwanafunzi anayekaa kwa wazazi na anajifunza kazi. Lakini wengine wanachukua modeli iliyo tayari, wanabadilisha logo, wanakimbia. Nimeona saiti ya duka la hapa hapa, chini kabisa kumebaki adresi ya ofisi ya Marekani! Na wale wabaya zaidi wanaandikisha domeni (adresi ya saiti) kwa jina lao wenyewe, mwaka ukiisha wanakuomba makuta wanayotaka, ukikataa saiti inazimika. Domeni ya .com ni kama dola 10 mpaka 20 kwa mwaka, .cd mara nyingi inapita hapo, na nafasi ku seva (ordinateri inayobeba saiti) nayo inalipiwa kila mwaka. Hayo siyo mushahara wa fundi, yaandikwe mustari yao peke yao mu devi ili kiliya ajue yatarudi.

Kuna tabia ingine siipendi kwetu sisi wenyewe, kuangalia kwanza gari ya kiliya kabla ya kutaja bei. Akija na gari ya kampuni inayotumikia migodi, bei inakuwa mara tatu. Ukweli, kampuni hizo zinaomba fakitire yenye RCCM (numero ya kuandikishwa kwa biashara) na numero ya impo (kodi), mikutano haiishe, wakubwa wanne kila mmoja na rangi anayoipenda, halafu wanalipa kisha siku 60 ao 90. Kungojea nako kuna bei, sikatae, lakini iandikwe na ielezwe. Kuongeza juu ya gari tu, hapana.

Sasa baba, kabla ya kumuita yule kijana mwizi, umuulize domeni itakuwa kwa jina la nani, atakubali marekebisho mara ngapi ndani ya ile 350, na nani atabadilisha bei za vipuri dola ikipanda ao ikishuka. Akijibu vizuri, mupe akonti ya nusu, nusu ingine siku saiti iko hewani. Na kama 350 ni nzito, usimuombe afanye yote kwa 100, muombe afanye kidogo: ukurasa moja, numero ya WhatsApp, ramani ya duka, picha kumi za vipuri vinavyotoka sana. Ni masaa 12 hivi, dola 120, na domeni juu yake. Kurasa zingine mutaongeza kisha Bonana (mwaka mupya). Kwa bei hiyo ata mimi nakuja.

Mutengeneza saiti,
Katuba, Lubumbashi