Tuzo za Norton na msimu wetu

Wadau mambo vipi, nimeona wengine mnauliza hizi tuzo za Elliot Norton ni za nani hasa. Ni za wakosoaji wa tamthilia wa Boston wenyewe, na jina ni la mzee aliyekuwa mkosoaji magazetini hapa miaka na miaka, alifariki 2003 akiwa na miaka 100! Kinachonikosha mimi ni kwamba vikundi vinapangwa kwa ukubwa, kwahiyo wale wanaoigiza kwenye kijiukumbi na viti vya kukunja hawabanwi na majumba yenye hela za seti za ajabu ajabu.

Sasa kila mtu aandike hapa onyesho moja la kikundi kidogo alilolipenda, sio yale makubwa tu jamani, tiketi ntashughulikia mimi.