Barua ya wazi kwa wanangu mnaochunguza mazungumzo

Wanangu,

Juzi nilihudhuria utetezi wa tasnifu nikatoka na uchungu. Kijana alikuwa amerekodi mazungumzo ya simu ya Kiswahili, kazi ya miezi, halafu alipoyaandika kwenye karatasi akafuta kila "ee", "mmh", "enhe" na "nanihii". Alisema amesafisha data. Jopo likampongeza.

Nikaomba kusikia sauti yenyewe. Kaka anampigia dada yake: "Baba... ee..." Kimya. Dada akasema polepole, "Sema tu." Ndipo kaka akamalizia: "Tumemlaza hospitali." Kwenye karatasi palikuwa na sentensi moja tu: "Baba tumemlaza hospitali." Dada hayupo! Ameihisi habari kabla haijatamkwa, amempa kaka yake nguvu ya kuitamka, nanyi mmemfagia pamoja na takataka.

Msomeni Herbert Clark, mwanasaikolojia wa lugha wa Marekani. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1966, na kuanzia 1969 akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwanzoni alipima muda anaotumia mtu mmoja kuelewa sentensi moja. Baadaye akawatazama watu wawili wakisemezana. Mwaka 1986, yeye na Deanna Wilkes-Gibbs waliwaketisha watu wawili wawili, pazia katikati, mmoja amweleze mwenzake namna ya kupanga maumbo 12 ya ajabu, mara sita. Mara ya kwanza msemaji alitumia wastani wa maneno 41 kwa umbo. Mara ya sita, manane. Maneno hayo hakuyapunguza peke yake: mwenzake alikuwa akiuliza, akiitikia, akikubali jina walilolipata pamoja. Futeni maitikio hayo muone kama mtaelewa kilichotokea. Mwaka 2002, akiwa na Jean Fox Tree, akatetea kwamba "uh" na "um" za Kiingereza ni maneno kamili: ya kwanza hutangaza kusita kidogo, ya pili kusita zaidi. "Ee" yetu na "enhe" yetu nani kazipima?

Mengine nayataja tu. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi. Yaandikeni mazungumzo wenyewe kutoka kwenye rekodi. Msichukue maneno ishirini mkadai mmeichunguza lugha nzima. Clark aliwaonya wenzake juu ya kosa hilo tangu 1973.

Lawama si yenu peke yenu. Shuleni tuliwakaripia mlipositasita, tukawafanya muamini kwamba anayesita hajui. Chuoni tunawahesabia makala, wala hatuwaulizi mmesikiliza saa ngapi. Hilo ni letu sisi wazee, na linaniuma.

Nawe kijana wa juzi, kazi yako haijaharibika, rekodi bado unazo. Anza na simu ile. Iandike "ee", upime kile kimya, umrudishie dada maneno yake mawili. Ukinihitaji, nitakuja tukae tusikilize pamoja.