Kitako cha mpingo

Birmingham, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Ulinicheka sana kwenye simu niliposema nimenunua bunduki, ukauliza kama Wazungu wamenitangazia vita. Tulia basi nikueleze, na usome mpaka mwisho, maana huko mbele kuna mbao.

Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, kama ile wazee walivyokuwa wakifukuzia nguruwe mashambani. Mimi sifukuzi kitu. Tunakwenda shamba moja nje ya mji, mashine inarusha visahani hewani na wewe unajaribu kuvipasua kabla havijatua. Wanaviita vya udongo, lakini ni lami na chokaa, upana wake milimita 108, ukikibana kwa vidole kinavunjika. Nikivikosa hasara yangu ni risasi na aibu.

Siku hizi karibu kila mtu uwanjani ana bunduki ya mitutu iliyopandana, mmoja juu ya mwenziwe, ndiyo maana hizi za kizamani zimeanguka bei. Yangu imenigharimu pauni 600. Imetengenezwa mji huu huu kabla ya Vita vya Pili, na mtambo wake ni ule wa Anson na Deeley, hataza ya mwaka 1875: vipuri vichache vimekaa ndani ya kisanduku cha chuma, havina makuu, vinaigwa mpaka leo. Habari za polisi nisikuchoshe nazo. Kibali ni cha miaka 5, daktari anaulizwa, kabati la chuma linapigwa boliti ukutani, na afisa anakuja kulitikisa kwa mikono yake.

Hii si ya kwanza kuonyeshwa. Ya kwanza ilikuwa imekarabatiwa ikang'aa kama bibi harusi, na muuzaji alikuwa na maneno matamu kuliko halua. Bahati nilikwenda na mzee mmoja fundi bunduki niliyezoeana naye uwanjani. Akaichomoa mitutu, akaining'iniza kwenye kidole kimoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Ikalia ko, kama chungu chenye ufa. Kumbe lehemu inayoshikanisha ile mitutu imeachia ndani. Kisha akapima unene wa chuma. Ukiigawa inchi mafungu elfu moja, mafundi huku hawataki unene ushuke chini ya mafungu 20, yaani nusu milimita, na pale palikuwa na mahali mafungu 15 tu. Mtu alikuwa amesugua vidonda vya kutu mpaka akala nyama yenyewe, halafu akaipaka weusi mpya juu. Tukaaga kwa adabu.

Hii niliyoichukua ukiigonga inalia ngeee, mlio unakwenda mpaka unausahau. Chini ya mitutu kuna mihuri ya nyumba ya majaribio ya hapa Birmingham, iliyopo tangu 1813. Kule bunduki hufyatuliwa kwa baruti iliyozidishwa makusudi, ikivumilia ndipo inagongwa muhuri. Imeandikwa pia urefu wa chumba cha risasi, inchi 2 na nusu, ndiyo milimita 65. Basi na mimi nanunua za 65 tu. Zile za 70 zilizojaa madukani zinaingia bila kukataa, na hapo ndipo ubaya wake: zikifyatuka mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kukunjuka vizuri, na msukumo wa ndani unapanda kuliko bunduki kongwe hii ilivyozoea.

Sasa njoo uwanjani. Siku ya kwanza nilipasua visahani 6 kati ya 25. Triga ni mbili, ya mbele ya mtutu wa kulia, ya nyuma ya mtutu wa kushoto, na mara nne nzima nilirudia kuivuta ya mbele nikishangaa kwa nini kimya. Kidole cha kati kilivimba kwa kugongwa na kile kikingio cha triga. Nikaanza kuilaumu bunduki. Mitutu imepinda, nikasema. Mzee akacheka, akanipeleka kwenye bamba la chuma lililopakwa chokaa, akapima yadi 16, akaniambia piga alama ya katikati, usilenge sana, nyanyua na ufyatue. Nikapiga mara sita. Wingi wa marisau ulikaa inchi 5 kushoto ya alama, na chini kidogo.

Unajua kwa nini yadi 16? Kwa sababu hapo kila inchi moja uliyokosea kwenye bamba ni sawa na moja ya kumi na sita ya inchi kwenye kitako. Bunduki hii haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo ni jicho lako, na jicho linakaa pale mbao inapoliweka shavu. Sasa kitako hiki kilikuwa kimepindishwa kumfuata mtu wa mkono wa kushoto! Marehemu sijui nani, tena mfupi. Miezi mitatu nilikuwa navaa koti la mtu mwingine nikimlaumu fundi cherehani.

Mzee akakifunga kwenye jiriwa, akafunika chuma, akawasha taa za joto pande zote mbili za shingo ya kitako huku akiipaka mafuta ya kitani ya moto. Ndugu yangu, mbao ya walnati ya miaka 90 ikalegea! Akaikaza kwa parafujo taratibu, akaipitisha kidogo kuliko alivyotaka, maana ikipoa inarudi. Nilikukumbuka wewe na mataruma ya jahazi, jinsi unavyozunguka msituni kutafuta tawi lililopinda lenyewe. Yeye hana msitu, ana taa.

Ukabaki urefu. Nilihitaji robo tatu za inchi nyuma. Akasema ataunga kipande cha walnati, nami nikamwambia subiri. Kuna duka huku linauza magogo madogo kwa wachongaji wa zumari za Waskoti, na mti wenyewe ni mpingo wetu! Nikanunua kipande, nikakaa nacho usiku nikikinusa kama mwehu. Mzee alikipitisha msumeno kidogo akaapa kwa dini yake hakigusi tena, basi nikakikata mwenyewe. Nikapaka gundi, nikabana, kesho yake risasi ya tatu ilikibandua. Nilisahau somo lako: mpingo una mafuta, ufute kwanza. Mara ya pili nikafuta na spiriti, kimeshika.

Lakini nilisahau na uzito. Bunduki ya aina hii inatakiwa isimame sawa ukiiweka kidoleni pale kwenye pini ya bawaba, mitutu inapokunjikia. Yangu ikawa inainua mdomo kama ngalawa iliyopakiwa nyuma. Ikabidi nikibandue tena, nitoboe matundu mawili mapana ndani ya mpingo nitoe unga mweusi kiganja kizima, ndipo ikatulia. Unga huo nimeuweka kwenye kopo, usiniulize kwa nini.

Mtutu wa kushoto umebanwa sana mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi, wa kupigia mbali. Mzee anataka kuupanua ubaki na nusu ya mbano huo. Bado nasita, chuma kikishatoka hakirudi.

Leo nimepasua 17 kati ya 25. Sasa nishauri: kiungo cha mpingo na walnati nimekipiga msasa lakini nikipitisha ukucha bado unakwaa, upande wa chini. Mpingo hausogei, nadhani walnati ndiyo inanywea kwa joto la ndani ya nyumba. Nikisugue tena sasa, au nisubiri mpaka kiangazi?

Wasalimie nyumbani.

Wako,
fundi mwenzio