Shukrani kwa muuguzi aliyeuliza habari za ghala

Natoa shukrani za dhati kwa muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo kwa watu wenye VVU wilayani Bahi, mkoani Dodoma, ambaye jina silitaji kwa kuwa mwenyewe alikataa.

Mdogo wangu alipofika kliniki akiwa amekonda, alipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, akapewa pakiti za chakula dawa cha karanga, na kwa wengine kazi ingeishia hapo. Muuguzi huyu aliuliza nyumbani kuna akiba gani ya chakula. Ilikuwa Februari, mwezi ambao huku Ugogoni mtama bado uko shambani na bei ya debe la mahindi haishikiki. Mgonjwa alikuwa akishindia uji mwembamba, ilhali mtu mwenye VVU, hata asiye na dalili, huhitaji nishati zaidi kwa takriban asilimia 10, na akipata magonjwa nyemelezi, yale yanayovamia kinga ya mwili ikishuka, huhitaji asilimia 20 hadi 30.

Kwa ridhaa ya mdogo wangu, muuguzi alituunganisha na afisa ugani wa kata pamoja na kikundi cha kuweka na kukopa, bila kutaja ugonjwa kwa yeyote asiyehusika (na kijijini hilo si jambo dogo). Mkopo wa kwanza ulinunua kuku. Msimu uliofuata tulipanda mtama wa muda mfupi na karanga. Sasa mayai mengine huuzwa mnadani, mengine huliwa nyumbani, dawa zinamezwa bila kuruka na uzito umerudi.

Dada, Mungu akuzidishie. Karanga zako tumeshazitenga, pita uzichukue.