Ile video ya punda

Langoni, Lamu

Mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi. Natumai nyote ni wazima huko Dar. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa ajili ya ile video. Niliyeipiga ni mimi, nikakutumia, nawe kwa uchungu ukaitia kwenye kikundi cha WhatsApp. Sikulaumu. Hata mimi mikono ilikuwa ikinitetemeka siku ile. Punda kabebeshwa mawe ya matumbawe, shogi zimemkwaruza hadi akawa na kidonda kipana kama kiganja, nzi wamejaa, na yule kijana anamchapa palepale penye kidonda. Ule ni ukatili, siwezi kuupa jina jingine.

Lakini kijana mwenyewe ana miaka 14, Zuhura. Uso wake unaonekana wote, na mwishoni mtu anamwita kwa jina. Video imefika hadi Muscat. Shangazi yake aliyeko huko alipiga simu akilia. Mtoto hatoki nje. Na watu wasiowahi kukanyaga Lamu wanaandika kuwa Waafrika hatuna huruma na wanyama! Hilo limeniuma sana. Punda wetu wengi wamechinjwa kwa sababu ya soko la ejiao kule China, dawa inayochemshwa kutokana na ngozi zao. Viongozi wa Afrika ndio waliokubaliana Addis Ababa, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji huo. Hispania nako fahali bado anauawa uwanjani watu wakishangilia, ilhali kwenye mchezo wa ng'ombe wa Pemba ng'ombe hauawi. Wala sisemi wa Pemba hateseki. Zile kamba na makelele sijawahi kuyapenda.

Kinachonikosesha usingizi ni yule asiyeonekana kwenye video: mwenye punda. Mama wa kijana ameniambia mwanawe hulipwa kwa safari, na punda akipumzishwa hakuna malipo. Simu yangu haikumnasa huyo. Imemnasa mtoto.

Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto. Nanyi Tanzania mna yenu ya 2022. Mimi sikumwomba ridhaa mtu yeyote. Ningepiga picha ya kidonda peke yake nikaipeleka kliniki ya punda, ingetosha.

Ndivyo nilivyofanya juzi. Daktari alimsafisha, akasema asibebe chochote mpaka ngozi ifunge. Mwenye punda amenuna, hanisalimu. Kisha nikaenda kwa mama wa kijana kumtaka radhi. Alinikaribisha chai, ya kwake ikapoa bila kuguswa.

Nakuomba uifute, na wenzako uwaombe mmoja mmoja waifute kwenye simu zao. Najua haitakwisha yote. Ukishafanya hivyo nijulishe, nikamwambie mama yake.

Wako,
Mwanaisha