Tingatinga ni jina la mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyolitumia jina la Tingatinga. Ukimwuliza kijana wa leo maana ya neno hilo, atakujibu kuwa ni mtambo wa kusukuma udongo, au atakuonyesha picha ya twiga na pundamilia inayouzwa kwa wageni. Ni wachache watakaokuambia kwamba aliishi mtu aliyeitwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru katika miaka ya 1930, ambaye alifanya kibarua katika mashamba ya mkonge huko Tanga, akahamia Dar es Salaam kutafuta riziki, na akaanza kuchora akiwa mtu mzima aliyekwisha kupita miaka thelathini.

Uchoraji hakuusomea darasani. Alichukua silingibodi, yaani zile mbao nyepesi za dari, akazikata vipande vya mraba vyenye upande wa sentimita 60 hivi, akatumia rangi ya mafuta iliyokuwa ikipakwa kwenye baiskeli. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ni kisa cha ufukara tu, nami naona wanakosea, kwa sababu vifaa hivyo ndivyo vilivyoiumba picha yenyewe. Rangi ile hung'aa, hukauka polepole, na si rahisi kuififisha hatua kwa hatua kutoka giza hadi mwanga. Mchoraji hulazimika kupaka kwanza rangi ya nyuma, aiache ikauke, ndipo aweke umbo la mnyama, na mwishowe madoa na mistari juu yake. Mtazame chui wake: ameujaza ubao karibu wote, nyuma yake pametulia rangi tupu, pengine na tawi moja la majani, na macho yamekukodolea. Hakuna mlima wala msururu wa wanyama. Naamini ule uwazi aliuacha kwa makusudi, maana ndio unaomfanya chui aonekane yu karibu kuliko angekuwa porini.

Kazi hiyo ilidumu miaka minne tu. Alianza mwaka 1968, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar es Salaam wakimdhania mhalifu anayetoroka, akafariki dunia.

Jamaa aliowafundisha, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, ambaye baadaye alifanyia kazi zake Kenya, hawakuiacha brashi ianguke. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama cha ushirika ambacho makao yake yako Oysterbay. Mikononi mwao na mwa waliowafuata, picha zilijaa watu wa sokoni, makundi ya ndege, wanyama waliosongamana na Mlima Kilimanjaro kwa nyuma. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, na baadhi ya picha hizo nazipenda mno. Wanaozibeza zote kuwa bidhaa za watalii hawajazitazama kwa makini.

Ugomvi wangu ni juu ya majina. Hivi karibuni niliona katika ukumbi mmoja picha nzuri ya samaki iliyobandikwa kikaratasi chenye neno moja, "Tingatinga", ilhali sahihi ya aliyeichora ilikuwa pale pembeni, nusu yake imefunikwa na fremu. Hapo watu wawili walikuwa wamedhulumiwa kwa pamoja: mchoraji aliyefanya kazi yake na kutia sahihi, na marehemu aliyepewa picha ambayo hakuichora. Magazeti yetu nayo hufanya vivyo hivyo katika maelezo ya picha.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako lianze. Kila mnapochapisha picha ya mtindo huu, someni sahihi iliyo pembeni na mwandike jina la mchoraji kwanza, kisha ndipo mseme ni mtindo wa Tingatinga. Na pale inapokuwa kazi ya Edward mwenyewe, andikeni majina yake yote matatu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi